Jiwe la Wanja

Kila mwaka tukifika kwenye mada ya madini, natundika ubaoni ramani ile ile ya Tanzania, iliyochanika pembeni na kuungwa kwa gundi, nawaonyesha wanafunzi wangu mahali risasi inapopatikana. Mkono unakwenda wenyewe: magharibi kabisa, Mpanda, huko Katavi, ambako zamani ilichimbwa pamoja na fedha na shaba. Natia nukta nyeusi. Nawaeleza kuwa zinki haipendi kukaa peke yake, ukiikuta risasi aghalabu na yenyewe haiko mbali, na kwamba wenzetu wa Zambia wamejaaliwa zaidi yetu. Halafu lazima atokee mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, na sisi huku Unguja?"

"Unguja hamna," najibu. Kisiwa chetu ni matumbawe, chokaa na mchanga, na madini hayo yanataka mawe makongwe na moto wa chini ya ardhi. Zinki tunaiona juu ya mabati yetu, risasi inatufikia kwa meli, ndani ya betri za magari. Darasa linaguna kama watu waliosahauliwa kwenye mgao, kisha tunaendelea na dhahabu, ambayo pia hatuna.

Nimefundisha hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kwa miaka mingi jibu lile halikunisumbua. Siku hizi nikilitoa nawapa wanafunzi mgongo.

Naishi Mji Mkongwe na mama yangu, katika nyumba aliyotuachia baba. Mama alikuwa na jina mtaani kwa wanja wake. Wanja wa kalamu wa madukani aliudharau, alisema huo ni masizi ya kujipaka wasiojua. Wake ulikuwa wanja wa manga, wa jiwe. Jiwe lenyewe aliliacha mama yake, aliyerudi nalo kutoka Hija, na kila lilipopungua mtu wa ukoo aliyekwenda Makka au Maskati alimletea kipande kingine. Lilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, limezongwa kitambaa, jeusi lenye kung'aa, zito kuliko ukubwa wake.

Baada ya sala ya Alasiri alikaa uani na kinu chake kidogo cha shaba, akitwanga. Alitwanga mpaka likawa vumbi laini, akalichekecha kwa kitambaa cha melimeli, akalitia kwenye vichupa, vya kwake na vya wanawake wa mtaani waliokuja kumwomba. Kisha alikisuuza kinu, akakipangusa, akatwangia iliki na mdalasini wa chai ya jioni. Hakuna aliyeona ajabu. Kinu ni kinu, na wanja ni kitu cha nyumbani kama chumvi. Harufu ya iliki ikipanda ngazi na mlio wa shaba uani, kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kufika nyumbani.

Binti yangu anafanya kazi Kendwa, kaskazini ya kisiwa, hotelini, mapokezi. Nasema anafanya, kumbe alikuwa akifanya. Alipojifungua alikuja kwetu kumaliza arobaini yake kama desturi, na siku ya saba mama akampaka mtoto wanja kwa mara ya kwanza. Alimpaka machoni, akamchora nyusi mpaka zikakaribia kukutana, akamtia nukta kubwa kwenye paji la uso ya kukinga jicho la watu. Sote tulicheka. Mtoto alionekana kama bi harusi aliyekasirishwa. Likizo ilipokwisha binti yangu akarudi kazini, kwani yeye na mumewe walikaa kwenye vyumba vya wafanyakazi na huko hapana mahali pa mtoto mchanga. Akatuachia. Asubuhi mimi nakwenda skuli, mama anabaki na kitukuu chake. Alimwogesha, akampaka, akamweka mapajani huku akitwanga. Sijawahi kumwona mama na furaha kama ya mwaka ule.

Mtoto alianza kukaa, akaanza kutambaa, halafu kama aliyebadilisha nia, akapunguza kila kitu. Choo kilikuwa kigumu, tumbo linamuuma, analia kilio cha kuchoka. Viganja vyake vikawa vyeupe. Watoto wa rika lake waliita baba, waliita mama, waliita paka. Wetu alinyamaza. Tulimpa dawa ya minyoo, tukampa ya kuongeza damu, tukambadilishia maziwa. Wanawake wa mtaani walikuja na jibu lao: mtoto mzuri mno, ameangaliwa kwa jicho baya. Mama akaliafiki. Nukta ya kipajini ikawa kubwa zaidi, na wanja wa machoni ukapakwa asubuhi na jioni. Kila alipozidi kuumwa alizidi kupakwa. Nikikumbuka hilo hasira inanipanda mpaka leo, na sina wa kumkasirikia.

Hatimaye nikampeleka kwa daktari mmoja wa kike, mtu wa maneno machache. Alimpima, akaniuliza maswali ambayo niliyaona hayana kichwa wala miguu.

"Nyumbani mnavunja betri za gari?"

"Hatuvunji."

"Kuna mvuvi anayeyeyusha risasi za kuzamishia nyavu?"

"Sisi watu wa mji, daktari. Samaki tunamkuta sokoni Darajani keshakufa."

"Rangi za kuta?"

"Chokaa tupu."

Akachukua pamba, akampangusa mtoto jicho, akaiangalia ile pamba chini ya taa. "Huu wanja wa dukani?"

"Hata," nikasema, na nilisema kwa fahari. "Mama yangu anautwanga mwenyewe."

"Wa jiwe gani?"

"La Makka," nikamjibu, kana kwamba Makka ni aina ya madini.

Hakucheka. Alisema atachukua damu, na kwa kuwa kipimo chenyewe hakifanyiki hapa itapelekwa bara, tusubiri, na tangu dakika ile mtoto asipakwe chochote.

Nilirudi nyumbani nikalifungua kopo. Mama alikuwa chumbani kwake anasali. Nilichukua kipande kimoja, nikakigonga kwa nyundo kwenye sakafu ya uani. Hakikupasuka ovyo kama jiwe la kawaida. Kilikatika vipande vyenye pembe, visanduku vidogo vidogo vya fedha, kila ubavu umenyooka. Skuli tunacho kisanduku cha mbao chenye vielelezo vya mawe vilivyolala juu ya pamba, na kimoja ni jiwe la risasi kutoka Mpanda, galena. Nimelipitisha mikononi mwa wanafunzi mwaka baada ya mwaka, nikiwaambia: oneni linavyong'aa, pimeni uzito wake, angalieni linavyokatika. Nilikaa pale pale sakafuni, kanga ikaloa maji ya kusuuzia kinu, nikalia.

Mama alinikuta hivyo.

"Kuna nini, mwanangu? Mtoto kafanyaje?"

"Mama, jiwe hili lina risasi. Ni lile lile tunalowaonyesha watoto skuli. Ni sumu."

"Jiwe hili kaja nalo bibi yako kutoka Makka. Wanja ni sunna."

"Sunna sibishani nayo, mama. Mie nnasema jiwe. Watu wanauza jiwe lolote linalong'aa wakaliita wanja."

Akakaa juu ya kibao chake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto. "Wewe nilikupaka. Ndugu zako wote nimewapaka. Huu mwaka wa ngapi unasomesha watoto wa watu? Sumu imekufanya nini?"

Nilianza kuviokota vile vipande. Nikamkumbuka kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, ambaye skuli ilimshinda tangu darasa la kwanza. Herufi hazikukaa kichwani mwake. Baba alimchapa kwa uzito wake wa kuelewa, akamchapa tena kwa kulia, na kaka akaishi maisha yake yote akibeba magunia bandarini na kuona haya mbele za watu wanaosoma magazeti. Sikulitaja jina lake. Nilikuwa nimeshaazimia kutolitaja.

"Unamfikiria nduguyo," mama akasema.

"Hapana anayeweza kujua, mama."

"Lakini unamfikiria."

Alikiinua kinu, akakiangalia ndani, akakirudisha chini taratibu. Hakuna atakayeweza kutwambia kama kaka yangu alikuwa hivyo kwa sababu ya jiwe au kwa sababu ameumbwa hivyo. Mama hakuuliza tena. Lakini tangu siku ile, akisali, dua zake zimekuwa ndefu, na najua anamwomba nani msamaha.

Majibu yalirudi. Daktari alisema risasi katika damu ya mtoto ni nyingi, akatueleza dawa, madini ya chuma, maziwa, dagaa, mboga za majani. Binti yangu alikuwa amefika kutoka Kendwa, bado amevaa sare ya hoteli. Ndiye aliyeuliza.

"Itamtoka?"

"Ya kwenye damu itapungua tukishaondoa kilichomletea," daktari akasema. "Ile iliyokwishaingia kwenye mifupa inakaa miaka mingi."

"Na kusema? Atasema?"

"Tutamsaidia. Siwezi kukuahidi."

Nyumbani binti yangu alipanda ngazi, akamwamkia bibi yake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Ulikuwa hujui, bibi," akasema, kwa sauti ambayo sikuielewa kama anamsamehe au anamuuliza. Binti yangu akaingia jikoni. Alimwaga iliki yote, mdalasini wote, na gome la mdalasini zima alilotuletea jamaa yetu wa Kidichi, ambalo halikuwa limeguswa. Alikitia kinu ndani ya mfuko akakitoa nje. Kisha akanivuta ngazini, akaninong'oneza: "Mama, nnaacha kazi. Nnahamia hapa. Lakini bibi asimguse mwanangu." Nilimwambia ashushe sauti. Nyumba zile za zamani kuta zake ni nene lakini ngazi zinasema kila kitu. Mama alikuwa juu, na alisikia.

Hakuna aliyelirudia neno lile. Halikuhitaji kurudiwa. Mama akimwona mtoto anakuja, anaiingiza mikono yake ndani ya kanga.

Jiwe alitaka nikalitupe baharini. Nilikataa, maana bahari nayo ina watu wake. Nilikwenda nalo skuli, nikaliweka kwenye kisanduku pembeni ya lile la Mpanda. La Mpanda lina kikaratasi cha mahali lilipotoka. La kwetu halina, sijui niandike nini.

Wanawake waliendelea kubisha hodi na vichupa vyao. Mama aliwaambia, "Umekwisha." Umekwisha, wala hasemi zaidi. Nikamfokea siku moja: waambie, mama, waambie sababu, wana watoto. Akasema, "Niwaambie nini? Kwamba watoto wao wote nimewapaka mie?" Basi nikawaambia mimi, mlango kwa mlango. Baadhi walinisikiliza. Wengine walisema kisomo kimenipotosha, na mmoja alinijibu mbele ya watu kuwa kama wanja wa bibi umekwisha, upo wa kununua, na kweli upo. Nimeuona dukani, kwenye vichupa vizuri vyenye kifuniko cha dhahabu. Nimeshagombana na mwenye duka mpaka ananikimbia.

Darasani pia nilisema. Niliwaonyesha mawe yote mawili, nikawaeleza habari ya macho ya watoto wachanga, bila kusema mtoto wa nani. Kwenye mtihani niliwapa ramani tupu, waonyeshe maeneo yenye risasi. Mwanafunzi mmoja alitia nukta Mpanda, sawasawa, kisha akatia nyingine Unguja, juu kabisa ya mji. Nikaikodolea macho nukta ile. Mitaala inasema Unguja hamna, na mtihani wa taifa utasema hamna. Nilimkata alama, nikaweka kalamu chini, na sikuweza kusahihisha karatasi nyingine siku hiyo.

Mjukuu wangu sasa anatembea. Viganja vimerudi rangi, na hula vizuri. Maneno anayo machache sana, na hayo machache hayasemi kila siku. Mama yake anamfundisha kwa picha, kwa nyimbo, kwa kumsubiri, na kumsubiri kule kumemzeesha.

Ila kipo kitu kimoja ambacho mtoto hakukisahau. Kila asubuhi akishaogeshwa, akishafutwa na kupakwa mafuta, huteleza mikononi mwa mama yake, akaenda uani alikokaa mama yangu. Anasimama mbele yake. Anaunyanyua uso juu, anafumba macho, anasubiri. Anasubiri kimya, bila kuchoka, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa akipakwa. Binti yangu hamwiti. Mama yangu anamtazama uso ule mtupu, mikono yake imo ndani ya kanga, mpaka mtoto anafumbua macho mwenyewe na kuondoka.