Kiraka cha Buluu cha Shangazi Orpha

Huku milimani kwetu kila mtu anaujua wimbo wa Lettie, msichana aliyeuawa mtoni, na wa Doak Mabe, mchumba wake, aliyenyongwa kwa kosa hilo. Maiti ya Lettie ilikutwa na shimizi tu. Ubeti wa tatu unasema gauni lake la buluu lenye vinyota vyeupe lilichukuliwa na maji. Shangazi Orpha Hensley aliuimba wimbo huo kutushinda sote, ila ubeti wa tatu aliuruka kila mara.

Alikuwa mshonaji, hakuolewa. Alimuuguza baba yake, mzee Ransom, mpaka Mungu alipomchukua. Verlie, dada yake Doak, watu walimkwepa hata kanisani. Orpha peke yake alimpelekea mkate wa mahindi.

"Huyo Orpha ana jambo," mume wangu alisema.

"Wee! Usimseme mtu wa Mungu."

Lakini neno lile lilinikaa moyoni.

Mwezi wa nne tulikwenda kwa Orpha, akina mama, kushona blanketi la viraka. Kwetu hakuna anayetupa kitambaa; nguo ikichakaa inakatwa viraka. Akanituma sindano kwenye sanduku. Chini kabisa nikakuta blanketi kuukuu, na katikati yake kiraka cha buluu, vinyota vyeupe.

Nilingoja wenzangu waondoke. "Shangazi, hiki kilitoka wapi?"

"Baba alikuja na gauni zima asubuhi aliyokutwa Lettie, limelowa. Mama hakuuliza. Alilianika, akalikata. Nilikuwa na miaka tisa."

"Na ukanyamaza?"

"Alikuwa baba yangu, mwanangu. Na hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Verlie ana miaka themanini. Atakufa akiitwa dada wa muuaji?"

Akalikunja blanketi, akalirudisha sandukuni. Nikaondoka nikiwa na hakika angelichoma moto.

Siku ya kupamba makaburi, kijiji kizima kikiwa pale, nilimvizia, Mungu anisamehe. Alikuja na blanketi begani, akapita kaburi la baba yake bila kuweka ua, akatoka nje ya uzio alikozikwa Doak. Verlie alikuwa pale, amepiga magoti. Orpha akalitandaza mbele yake, akaimba ubeti wa tatu kwa sauti, na badala ya maji akataja jina la Ransom Hensley.

Watu wote wakageuka. Verlie akakipapasa kile kiraka kwa kidole.

"Kaa chini, Orpha," akasema. "Miguu itakuuma."

Nilipofika nyumbani nilitandua blanketi la bibi yangu, nikaanza kutazama kiraka kimoja kimoja, nikijiuliza kilitoka wapi.