Chupa za Vifuniko vya Buluu

Hospitali nzima walimwita Mama Chupa, ila mwenye akili timamu hakumwita hivyo mbele ya uso wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali kama pilipili, mwenye shahada ukutani na kilema kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kifundo kile kilikuwa kimepinda, kina nundu, hakizunguki. Kwa hiyo alijifunza kushika chupa kwa mkono wa kulia na kufungua kifuniko kwa kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Wanafunzi waliokuja mafunzoni walidhani ni maringo ya wataalamu, wakaiga, wakamwaga.

Kazi yake ilikuwa kulea. Madaktari walichoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, ule ute mwekundu ulio ndani ya mfupa, wakamletea maabara. Ndani ya uboho mna seli chache mno ziitwazo seli shina, ambazo bado hazijaamua maishani zitakuwa nini. Yeye alizitenga, akazilaza kwenye chupa bapa, akazilisha, akazitia kwenye kiatamizi chenye joto la mwili wa mtu. Zilipokwisha kuzaana na kujaa, ndipo zilipochaguliwa njia. Zikipewa chakula chenye vitamini C na fosfeti, zinaanza kujijengea chokaa, na wiki zikipita zinakuwa mfupa wa kumpandikizia mgonjwa. Zikibanwa pamoja kama tonge na kupunguziwa hewa, zinakuwa gegedu, ile nyama ngumu ya masikioni na magotini. Zikivutwavutwa, zinaelekea kuwa kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa. Na zikipewa chakula kingine chenye insulini, zinanenepa tu na kuwa mafuta. Ni zilezile zote.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," aliwaambia wanafunzi. "Na hawa ndio watoto pekee wasiomjibu mama."

Vyakula vyote vilikaa kwenye friji moja, kwa sababu kila uboho ulioletwa lazima kidogo chake kijaribiwe njia zote. Seli isiyoweza kuwa mfupa, gegedu na mafuta si seli shina, ni tapeli. Na seli ikishashika njia, hairudi. Hapo ndipo samaki anapokunjwa angali mbichi, na akikauka, amekauka.

Sasa kile kifundo. Aliyekipinda alikuwa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Asali kwa utamu wa ulimi wake. Aliwaamkia wazee, aliwabeba watoto wa watu mabegani, na mlango ukifungwa alikuwa mtu mwingine. Siku alipomvunja mkono mkewe kwa mguu wa kiti, kisa chai imepoa, alimpeleka hospitali mwenyewe, akamshika bega kwa huruma, akamweleza daktari kwamba mkewe ameteleza bafuni. Mama mkwe naye akadakia, "Sakafu ile, jamani, nimesema mpaka nimechoka!" Na mwenye mkono, kwa woga, akaitikia kwa kichwa. Mfupa ukafungwa vibaya, ukaunga vibaya.

Alipoondoka kwa mume alikuwa na mtoto mgongoni na plasta mkononi. Kichwani alikuwa na jambo moja: malipo ni hapahapa duniani, na yeye atakuwepo yakilipwa. Watu wakimwambia hasira hasara, aliwajibu kwamba hawajawahi kuwa na hasira ya maana. Hasira ndiyo iliyomsomesha. Ndiyo iliyomwamsha alfajiri, ikamvusha mitihani, ikamfikisha kwenye maabara ya mifupa. Mwanawe alimlea peke yake mpaka akawa mchomeleaji mzuri wa mageti na madirisha, kijana mpole mwenye makovu ya cheche mikononi. Alimkataza kitu kimoja tu, kumtaja baba yake ndani ya nyumba yake.

Asubuhi moja, kwenye foleni ya kantini ya hospitali, alimwona.

Asali alikuwa amezeeka. Alikuwa na magongo mawili, na mguu mmoja umefungwa vyuma nje ya ngozi, vile vyuma vya watu ambao mfupa wao wa muundi umevunjika na kukataa kuunga. Lakini ulimi ulikuwa uleule. Wahudumu wote wa kantini walikuwa wanacheka. Alipogeuka na kumwona mwanamke mwenye koti jeupe nyuma yake, alijibana pembeni, akainamisha kichwa.

"Pita, dokta, tafadhali. Sisi wagonjwa hatuna haraka."

Hakumtambua! Miaka yote ile yeye alikuwa amelala na sura ya mtu huyu, akaamka nayo, na mwenye sura alikuwa amemsahau kama mtu anavyosahau kikombe alichokivunja.

Muuguzi mmoja mwenye mdomo mwepesi akamnong'oneza, "Yule babu ana vituko! Ndiye anayesubiri zile chupa zako za vifuniko vya buluu. Lakini mimi sijasema kitu."

Hakupaswa kusema. Maabara ile haikupewa majina ya wagonjwa, ilipewa namba na rangi ya kifuniko, ili mlezi asiwe na mtoto kipenzi. Lakini neno likishatoka halirudi, na Mama Chupa alirudi kazini bila chai.

Alizitoa chupa za buluu, akaziweka chini ya hadubini. Zilikuwa seli nzuri, na hilo lilimkera kuliko yote. Kwa kawaida seli za mzee zinajikokota, hasa za mlevi kama Asali. Hizi zilikuwa nyembamba, ndefu, zimelala kwa mpangilio, zinajaza chupa kwa kasi. "Hata seli zake zina kiburi," alisema peke yake. Hakujiuliza zaidi. Katika maabara ile kila mgonjwa alioteshewa mfupa kutokana na uboho wake mwenyewe. Hakuwahi kuona vingine. Na hata angetaka kuuliza, angemwuliza nani bila kujulisha kwamba anamjua mwenye rangi?

Wenzake walipotoka kwenda kula, alifungua friji. Chakula cha mfupa kilikuwa mbele. Alikisogeza. Akachukua cha mafuta, akakitia kwenye kila chupa ya buluu, taratibu, bila kumwaga hata tone. Moyo ulimdunda kwa furaha, na sitaki kumsingizia aibu ambayo hakuwa nayo. Aliona muundi ukikataa kuunga tena, Asali akifa na magongo yake, akiomba watu wamfungulie milango. Wakimwuliza atasema zimekataa. Seli hukataa mara nyingi tu, hakuna anayeshikwa shati.

Kila alipozirudia, alizilisha vilevile. Vitone vya mafuta vikaanza kuonekana ndani ya seli, vidogo kwanza, kisha vikubwa, vinang'aa kama juu ya supu. Mama Chupa akawa anaimba kazini. Wenzake wakaulizana kama amepata mchumba.

Ndivyo mwanawe alivyomkuta, anaimba. Kijana alisimama mlangoni, mkono mmoja nyuma ya kiuno, mguu mmoja ameupumzisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefanya nini mgongo?"

"Ndicho nilichokuja kukuambia. Usikasirike kwanza." Akajiegemeza mlangoni. "Baba amevunjika mguu. Nimekuwa nikienda kumwona."

Mama Chupa aliweka chini alichokuwa amekishika.

"Walimvuta uboho wake, haukuota kitu," kijana aliendelea. "Daktari akasema pombe na umri vimeumaliza, wanataka kujaribu wa ndugu. Hana ndugu mwingine anayekubali. Nikalala kifudifudi, wakanitoboa nyonga. Daktari hajui kama wewe ni mama yangu. Chupa zangu nasikia wameziwekea vifuniko vya buluu."

Mama Chupa aliitazama chupa iliyokuwa chini ya hadubini.

"Nionyeshe, mama. Mara moja tu. Nataka kuona kitu kilichotoka ndani yangu."

Akaenda mwenyewe kwenye hadubini ambako chupa ilikuwa bado imelala, akainama kwa uangalifu wa mtu anayeumwa, akafumba jicho moja.

"Vinang'aa," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Viduara vingi namna hii! Ndio mfupa huo?"

Angeweza kusema ndiyo. Kijana alijua kuchomelea chuma, hakujua seli. Lakini hakuwahi kumdanganya mtoto huyu hata mara moja.

"Hapana. Ni mafuta."

"Yatageuka baadaye?"

"Hayageuki. Nimezilisha chakula kibaya kwa makusudi. Chupa zote. Nilidhani ni za baba yako."

Kijana aliinua kichwa polepole.

"Ulipokuwa unazilisha, ulifurahi?"

"Sana."

"Mama..."

"Tazama mkono huu!" Alivua glavu, akamnyooshea kile kifundo, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Utazame vizuri, halafu uniambie nimhurumie!"

"Nimeutazama tangu nimezaliwa. Nani amekuambia namhurumia?" Kijana hakupandisha sauti. "Mimi ndiye ninayembeba kwenda chooni, mama. Hana mwingine. Nilitaka atembee mwenyewe ili niondoke kwake, nisiwe na deni naye tena. Nilikuwa karibu kumaliza."

Mama Chupa alikaa kwenye kiti cha wanafunzi. Asali alikuwa chini kantini akichekesha watu, hana habari, na hata akiambiwa angepata neno tamu la kusema. Alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia.

Kijana alijishika ukuta, akanyoosha mgongo.

"Nitamwambia daktari anitoboe upande wa pili," alisema. "Lakini wewe mwambie mkuu wako, hizo mpya zilelewe na mtu mwingine."

Kisha akatoka, akichechemea, akaelekea chumba cha daktari.