Mkoba wa pasipoti saba na mama niliyemtuhumu mpakani Tunduma

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Kosa ninalolileta hapa ni kumtuhumu mtu kabla ya kujikagua mwenyewe. Kosa hilo ni langu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu baadhi ya tuliosafiri nao wamo humu jukwaani.

Mimi ni mwalimu wa dini, Temeke, mtu wa makamo. Mwaka jana tulialikwa watu saba, Waislamu wanne na Wakristo watatu, kwenda Kasama, Zambia, kwenye kongamano la ujirani mwema baina ya dini. Tulikodi Hiace. Nikateuliwa katibu wa msafara, nikakusanya pasipoti zote pamoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano, nikazitia katika mkoba mmoja mweusi. Sikumwamini mtu mwingine kuubeba.

Mjumbe wa saba alikuwa mama anayeuza supu jirani na machinjio ya Vingunguti, aliyeteuliwa na parokia yake. Nakiri, sikuona anakwenda kufanya nini. Katika orodha ya wajumbe niliandika majina kamili ya watu sita. Kwake nikaandika "Mama wa Supu". Jina sikumuuliza.

Tulilala Mafinga. Kesho yake adhuhuri tukasimama Vwawa ili tuswali; Wakristo wawili wengine na dereva wakaenda kula, mama akabaki garini na mizigo. Tulipotoka msikitini, mama huyu alikuwa ng'ambo ya barabara, anacheka na muuza parachichi kana kwamba wamezaliwa nyumba moja.

"Mama, tuna safari, hatukuja kupiga soga," nilimwambia mbele ya watu.

"Haya, Ustadhi. Namalizia namba yake tu, tukirudi nichukue gunia kwake."

Tunduma, dirisha la uhamiaji, nikapeleka mkono begani. Mkoba haupo.

Wakuu, kongamano lilikuwa linafunguliwa kesho yake. Bila mkoba ule, watu saba walikuwa wanageuza kurudi Dar, na mimi ndiye wa kuwaeleza waliotutuma.

Tukapekua gari zima. Ndipo nikatamka maneno ambayo hadi leo naomba nisamehewe:

"Mama, wewe ndiye uliyebaki garini na mizigo. Na ndiye uliyeiacha ukaenda kuzungumza na watu usiowajua."

Mchungaji wetu, mtu wa Tegeta, akatazama viatu vyake.

Mama hakupandisha sauti. "Ustadhi, pale Vwawa ulitawadha na mkoba begani?"

Nikajishika bega.

"Maana wachinjaji wetu kila adhuhuri mtindo ndio huo. Anatundika kimkoba chake msumarini, anatawadha, anaswali roho nyeupe, anarudi kazini mikono mitupu. Mie ndiye wa kuwakumbusha. Sijawahi kumwita mtu mwizi bado."

Akatoa simu. "Mdogo wangu, ni mie mteja wako wa parachichi. Hebu mtume mwanamume hapo msikitini, penye mabomba. Atazame msumarini."

Tulisubiri. Nilisoma kila dua niliyoijua.

"Upo? Mweusi? Haya, ukalie, usimpe mtu." Akanigeukia. "Umelowa pembeni tu, Ustadhi. Pumua."

Nilikaa chini palepale nje ya ofisi, nikacheka huku machozi yananitoka. Mchungaji akasema, "Leo Ustadhi kaokoka!" Hata askari wa getini alicheka.

Dereva alinirudisha Vwawa pamoja na mama. Pasipoti saba, kadi saba, hakuna iliyopungua. Njiani nikamwomba radhi.

"Nimeshasamehe," alisema. "Ila umeniita Mama wa Supu tangu Dar na bakuli langu hujanywa. Hilo ndilo linaniuma."

Tukavuka kabla jua halijazama.

Nimefundisha miaka mingi ubaya wa kumdhania mtu vibaya. Nina vitabu kabati zima juu ya jambo hilo. Pamoja na hayo, nilimkemea mama yule kwa kuzungumza na mgeni, na mazungumzo hayohayo ndiyo yaliyotuvusha mpaka. Elimu yangu ilibaki kabatini. Yake alisafiri nayo.

Aliyewahi kumtuhumu mtu, kisha kitu kikaonekana pale alipokiacha mwenyewe, aandike hapa chini. Na uandike kama ulimwomba radhi.

Kasama, kabla sijakabidhi orodha ya wajumbe, nilimwuliza jina lake. Nikakata nilichokuwa nimeandika, nikaandika upya kwa herufi kubwa:

EUFRASIA MAPUNDA.