Mahari ya Fimbo Kumi na Nne

Siku nilipopeleka mahari Maplewood, baba wa binti alishika kitu kimoja tu kati ya tulivyoleta. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwita, nani kakutuma uje kunitukana nyumbani kwangu?"

Nilikuwa nimevaa suti. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Cheka tu, ila nisikilize tangu mwanzo, maana hata mimi sijui nilipotelea wapi.

Naishi Richfield, Minnesota, huku Marekani, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba nyumbani tumezoea kunyamaza katikati ya sentensi ndege ikipita. Siku za kazi narekebisha viyoyozi vya watu. Jumamosi mimi ni kapteni wa timu ya besiboli ya Watanzania.

Ndiyo, besiboli. Soka ilitumaliza magoti, tukaona bora mchezo ambao nusu ya muda mtu unasimama tu.

Timu yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe uliitwa Humphrey.

Humphrey ndiye alikuwa mrushaji wetu. Kwa asiyejua huu mchezo: mrushaji anasimama katikati, anamrushia mpira mdakaji aliyechuchumaa kule mbele, na mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga ukiwa njiani. Mrushaji akitupa nje mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza.

Wapinzani wetu walikuwa wanatembea bure kama wako sokoni.

Kilichoniuma ni kwamba huyu kijana alikuja na sifa. Alihamia huku mwezi wa tatu kutoka Rochester, anapiga picha za eksirei hospitalini. Watu wa kule waliniambia, "Mwita, umepata dhahabu, huyo jamaa harushi, anaweka."

Akaja kwetu. Mpira wa kwanza ukapiga pipa la takataka. Wa pili ukapita juu ya uzio. Wa tatu ukaangukia kwenye sufuria ya pilau ya mke wangu.

Nikapiga simu Rochester kuuliza kama kuna Humphrey wawili. Wakasema hapana, ni huyo huyo mmoja.

Mechi tisa tukafungwa. Wakenya ndio walituonea zaidi, na nahodha wao Kamau hakuwa na huruma.

"Buda, pitcher wenu anatafuta nini huko kwa miti?" alikuwa ananipigia kelele. "Sisi hatuhitaji hata bat! Tunatembea tu!"

Mdakaji wetu alikuwa Mzee Elihuruma. Miaka sitini na tano, mhandisi mstaafu, Mpare wa Same, anachuchumaa saa mbili nzima na kuinuka bila kushika kitu. Mipira ya Humphrey ikipita hovyo, yeye anaifuata taratibu, anairudisha, hasemi neno.

Mimi ndiye niliyekuwa nasema. Mimi Mkurya, hasira zangu zinatangulia kufika kabla yangu.

"Wewe Humphrey, una matatizo ya macho?"

"Hapana, kaka."

"Basi una matatizo na mimi?"

"Hapana, kaka. Nisamehe, kaka."

Kila Jumamosi hivyo hivyo. Nikaapa msimu ukiisha namtoa.

Kabla sijamtoa, akaja kwangu jioni moja mwezi wa sita amevaa shati la kuchomekea. Akakaa kwenye ncha ya kochi.

"Kaka Mwita, naomba uwe mshenga wangu."

Nikadhani kapata mtu Rochester. Kumbe ni Irene. Irene binti wa Mzee Elihuruma! Wamependana mwaka mzima, kimya kimya, na ndiyo maana alihamia huku.

"Watu wote Minnesota hii umeniona mimi ninayekutukana kila wiki?"

"Ndiyo, kaka. Wewe huwezi kukaa na kitu moyoni. Mzee anakuamini."

Sasa hapo ningesemaje? Nikapeleka barua ya posa. Mzee akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Ng'ombe nitafuga wapi hapa Maplewood? Kwenye garage?" akasema. "Mimi nataka kitu kimoja. Fimbo za gofu. Seti nzuri, na achague mwenyewe. Nataka nione macho ya huyo kijana."

Nikadhani utani. Mke wake, Mama Irene, akanifuata hadi kwenye gari akiwa ameshika kiuno.

"Mwanangu, hatanii. Miaka kumi huyu baba anacheza gofu kwa fimbo za kukodi. Mipira yote inaingia ziwani. Analaumu fimbo, anarudi amenuna, halafu anakula peke yake. Leteni fimbo nzuri jamani, tupumzike."

Sikiliza sasa. Mimi gofu nilikuwa naiona kwenye televisheni ya kinyozi tu. Humphrey hata hiyo televisheni hakuwa nayo, yeye anaangalia simu.

Tukaenda duka kubwa la michezo. Muuzaji akatuuliza maswali mpaka nikahisi naomba viza upya. Mzee ana urefu gani? Kutoka kifundo cha mkono mpaka chini ni inchi ngapi? Tukasema hatujui, akasema tuje naye apimwe.

Utampimaje baba mkwe kwa zawadi ambayo wewe ndiye unatakiwa uichague kwa akili zako?

Jumamosi iliyofuata, Mzee akiwa kwenye foleni ya nyama choma pale uwanjani, nikapiga magoti nyuma yake na kamba ya viatu.

"Mwita, unanifunga?"

"Napima sare, Mzee wangu."

"Sare inapimwa kutoka mkononi mpaka kwenye nyasi?"

"Ni mtindo mpya."

Akaniangalia kwa muda mrefu. Akarudi kwenye nyama.

Vipimo tukapata, lakini dukani hatukurudi, maana Humphrey alikuwa ameona tangazo: bibi mmoja wa Saint Louis Park anauza vitu vya marehemu mumewe mbele ya nyumba yake. Vikombe, redio, baiskeli, na mfuko wa fimbo za gofu kumi na nne zinang'aa kama sahani za harusi.

Mimi nikazikagua kama ninavyokagua mitumba. Nikazipima uzito. Nikazigonga nisikie mlio. Nikanusa ngozi ya mishikio. Zote nzima, hakuna kutu.

Nikajaribu kusimama na moja. Ikanikalia vibaya, kichwa chake kikawa kama kimeninunia. Nikajisemea gofu si mchezo wangu, ndiyo maana.

Humphrey akaichukua. Jamani. Ilimkaa kama amezaliwa nayo. Akaizungusha hewani, ikatoa mlio safi, na yule bibi akapiga makofi.

"Mume wangu alikuwa anasimama hivyo hivyo," akasema kwa Kiingereza, machozi yakimlengalenga.

"Kaka, ni hizi," Humphrey akaniambia. "Nasikia kabisa mwilini ni hizi."

Nikazipima kwa kamba yangu ya viatu. Zikaja sawa na Mzee, kasoro kidogo tu. Tukaondoka tukiimba.

Jumapili ya mahari, sebule ya Maplewood ilijaa. Kina mama wamevaa vitenge sare. Mfuko wa fimbo tumeufunika kanga mpya, nimeuweka katikati ya zulia, nikatoa maneno yangu yote mazuri ya ushenga. Vigelegele vikapigwa.

Mzee akatoa fimbo moja kwa mikono miwili. Akasimama kama anataka kupiga. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

Akachungulia zilizobaki mfukoni, ndipo akaniuliza lile swali la matusi.

"Mzee wangu, kosa liko wapi?"

"Hizi ni fimbo za mtu wa mkono wa kushoto, uso wa kupigia uko upande wa pili. Zote kumi na nne."

Sikujua kwamba fimbo ya gofu ina mkono! Nani alijua? Kijiko kina mkono? Mwavuli una mkono?

Wewe unajua kwetu ilivyo. Mtoto akikupa maji kwa mkono wa kushoto unamwambia badilisha. Humpi mkubwa kitu kwa kushoto, humpungii kwa kushoto. Sasa sisi tumebeba mahari nzima ya kushoto, tumeifunika kanga, tumeipigia vigelegele.

Irene alikuwa mlangoni. Nilimwona akiziba mdomo kwa kiganja, na moyo wangu ukauma kweli, kwa sababu nilijua nimemharibia maisha kwa kamba ya viatu.

"Nani alizijaribu?" Mzee akauliza.

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Humphrey akanitangulia.

"Mimi, baba."

"Na zilikukaa vizuri?"

"Vizuri sana, baba."

Mzee akabeba ile fimbo na mipira miwili, akatoka nyuma ya nyumba. Sebule nzima ikamfuata.

"Piga nione."

Humphrey akavua koti. Akasimama. Akapiga. Mpira ukanyooka, ukavuka uzio, ukavuka na uzio wa pili, na mbwa wa jirani akabweka kwa mshangao.

"Wewe ni mashoto," Mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

Mimi nikashangaa kuliko wote. Huyu mtu anakula kwa kulia. Anasalimia kwa kulia. Kuandika sijawahi kumwona, siku hizi nani anaandika, tunachati tu.

"Na mbona uwanjani unarusha kwa kulia?"

Humphrey akaangalia viatu vyake.

"Baba, anayedaka ni wewe."

Kina mama wakasogea karibu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza kuwa wewe ndiye baba yake Irene," akaendelea. "Sasa mimi nitakurushiaje kitu usoni, tena kwa mkono wa kushoto?"

Mechi tisa! Mechi tisa tumefungwa kwa sababu ya adabu! Pilau limeharibika kwa sababu ya adabu! Nilitaka kumkaba pale pale, na nilitaka pia kumkumbatia, nikaishia kukaa chini kwenye nyasi na suti yangu.

Mzee Elihuruma hakucheka. Aliichukua ile fimbo kutoka kwa Humphrey. Akatazama mikono yake, wa kulia, halafu wa kushoto. Akageuka upande ule ambao hajawahi kusimama maisha yake yote, akapiga.

Mpira ulinyooka kama umechorwa kwa rula.

Tukamgeukia Mzee. Alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea.

"Nilipokuwa na miaka mitano mama alinifunga huu mkono kwa kitambaa," akasema. "Wakati wa kula, wakati wa kuandika. Hakuwa mbaya. Aliogopa watu watanidharau. Mpaka nikasahau kwamba ulifungwa."

Mama Irene akashika mdomo. Miaka thelathini na nane ya ndoa, hakujua.

"Miaka kumi nalaumu fimbo," Mzee akasema. "Kijana, macho yako nimeyaona. Mahari imepokelewa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, yule mbwa wa jirani aliingia ndani.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mechi ya mwisho ya msimu na Wakenya. Nililala usingizi wa raha wiki nzima. Mzee mwenyewe alimwamuru Humphrey arushe kwa mkono wake aliopewa na Mungu.

Akarusha wa kwanza. Katikati kabisa, kasi ya ajabu, mpigaji hakuuona.

"Wee! Huyu ame-change mkono!" Kamau akapiga kelele. "Aki hiyo si fair!"

Nikamgeukia nimcheke. Nikasikia nyuma yangu kishindo kidogo cha mpira kwenye nyasi.

Mzee alikuwa ameuangusha.

Wa pili, katikati kabisa. Akauangusha. Wa tatu ukampiga kifuani. Hawakuwa wanaupiga, lakini wa tatu ukimponyoka mdakaji mpigaji anaruhusiwa kukimbia, na aliyeshafika kituoni alikuwa anakimbia tu kila mpira ukianguka.

Nikaenda mbio mpaka kwake. Nikaona. Glavu alikuwa ameihamishia mkono wa kulia, wa kushoto ubaki huru kurushia, kama wanavyovaa mashoto.

"Mzee wangu! Unadaka kwa mkono gani?"

"Na mimi nimefunguliwa, Mwita," akanijibu, uso wote unang'aa. "Niache nijifunze."

Tulifungwa kumi na nane kwa tatu. Alidaka mpira mmoja tu siku nzima, akaunyanyua juu kama kombe, na Irene akalia pale kwenye benchi. Hata Kamau alipiga makofi. Harusi ni mwezi wa kumi, na mimi nimeshaambiwa nitafute glavu ya mashoto kabla ya msimu ujao.

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe kapteni, wewe bosi, wewe mzazi mwenye hasira kama zangu. Ukiona mtu mwenye akili zake anaharibu kitu kile kile kila wiki, kabla hujamtukana, mvute pembeni umuulize taratibu ni nani anayemheshimu kiasi hicho.

Mimi sikuuliza, na nimefungwa mara kumi.