Magunia Nyuma ya Mashine ya Zabibu

Watu wa shamba la mizabibu walimwita Ulimi, maana kwa miaka ishirini na sita hakuna mvinyo uliotoka pale kabla hajauonja. Mwaka aliovunjika mguu, mavuno yalisimamiwa na mume wa mdogo wake, bwana mpole kupita kiasi. Upole huo Ulimi hakuwahi kuuamini.

Aliporudi na mkongojo wake, alishuka ghalani akavuta tone kwa mrija kutoka pipa la mwisho. Mvinyo mweupe, lakini umeiva rangi kama asali, na mtamu ajabu. Utamu huo haukuwa wa mikono yake. Kugeuka, nyuma ya mashine ya kukamulia, magunia manne matupu ya sukari.

"Ahaa! Kumbe!"

Siku nne hakumwondolea macho shemeji yake. Alinusa koti lake. Alichungulia ndoo zake. Hata akamuuliza mdogo wake, "Siku hizi chai yenu mnakunywa na sukari kiasi gani?"

"Dada, una nini wewe?"

Siku ya tano uvumilivu ukamwishia. Akamtupia magunia miguuni. "Shemeji, umeniharibia jina!"

Yule bwana akayageuza taratibu. Upande wa pili yalikuwa yameganda udongo, yametoboka mahali pa magoti. "Niliyaokota kwa mwoka mikate. Nimeyapigia magoti wiki sita."

Akampeleka bondeni, kwenye mizabibu michache aliyoiacha bila kuivuna mapema. Zabibu zilizobaki zilikuwa zimesinyaa, zimevaa kuvu la kijivu, zile zile ambazo Ulimi aliamuru zitupwe kila mwaka. Shemeji alikuwa amezichuma punje moja moja, zilizokunjamana tu. "Kuvu limekausha maji, utamu umebaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Ulimi alirudi ghalani, akaupoza mvinyo, akamimina kwenye glasi ndogo. Ukaja utamu, halafu uchachu ukamfinya pembeni mwa ulimi hadi mate yakamjaa. Sukari ya gunia haina uchachu huo. Kwa kawaida huonja akatema. Safari hii alimeza, akamimina tena.

Alimwomba shemeji radhi mbele ya mkewe. Pipa lile likauzwa kwa jina lake shemeji, kwa amri ya Ulimi mwenyewe.

"Sasa niambie," akamwambia, akimkazia macho, "na mapipa mengine umeyafanya nini?"