Divai ya marehemu imefika kwenye kabichi

Bukavu, Jumapili hii, saa kumi.

Maman Furaha, leo tumekula kabichi kwa divai ya Bordeaux!

Unakumbuka ile chupa ya marehemu mume wangu? Miaka mingi ilisimama juu ya kabati, pale jua linapoingia. Kila Jumamosi aliifuta vumbi. "Tutaifungua pamoja Neema akipata diplome."

Binti yetu ameipata. Tumeifungua.

Shemeji Déo, aliyekaa Ubelgiji (miezi mitatu, sisemi kitu), akazungusha glasi, akaingiza pua yote.

"Ninasikia cerise, ile tunda nyekundu ya Ulaya. Ninasikia ngozi. Hii iko kitu kubwa!"

Sisi wote tukasikia cerise.

Ndipo mama mkwe, aliyetengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, maisha yake yote, akaonja kidogo.

"Déo, acha uongo. Hii imegeuka vinegre, siki tupu."

"Maman, hii njo ladha ya Wazungu!"

"Basi kunywa yote, tukuone."

Déo akaitazama glasi. Hakunywa.

Neema alikuwa karibu kulia. Bibi yake akachukua chupa, akaimimina kwenye kabichi na vitunguu.

Bakuli limerudi tupu. Papa wa Neema amekuwa nasi mezani, kama alivyoahidi.

Ukikata kitunguu leo, utukumbuke.