Viatu Nilivyovipokea kwa Mkono Mmoja

Enzi zetu pale Karurumo, mtoto aliyenyoosha mkono mmoja kupokea kitu alikuwa amekikosa. Wenzangu mliokula nduma za moto, mkizihamisha kiganja hadi kiganja, mnajua ninachosema. Tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba mpaka marinda yakatoboka, na kila Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe kusiriba sakafu ya darasa. Hayo yote tuliyazoea. Adabu ya mikono ndiyo iliyotutoa machozi. "Mkono mmoja ni wa kunyakua," mama alikuwa akisema. "Ya kupokea ni miwili."

Nilikuwa darasa la nne, sijawahi kuvaa kiatu, shangazi aliponiletea viatu vyeusi kutoka Embu mjini. Furaha ikanipanda kichwani. Nikavirukia kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto umeshika hindi la kuchoma. Mama hakunipiga. Alivichukua akamrudishia shangazi. "Huyu bado hajakua," akasema. "Mpelekee wa kwako." Muhula mzima nilivitazama miguuni mwa binamu yangu, nikimchukia mama kimyakimya.

Kisa hicho nilimsimulia binti yangu Wawira mara nyingi, naye alicheka tu. "Mum, hiyo ni mambo ya kitambo. Siku hizi watu wako bize." Ni wa kizazi hiki kinachokuamkua kwa kidevu, macho yakiwa kwenye simu. Lakini tamthilia za Wakorea alizijua zote, na lugha yao aliisoma mwaka mzima mjini Embu, kwa sababu alitaka kazi ya kiwandani huko kwao. Cheti chake cha chuo kilikuwa kimelala kabatini miaka mitatu.

Siku ya mazoezi ya usaili alirudi analia. Alikuwa amejibu kila swali kwa Kikorea safi, kisha mwalimu wao, Mkorea mwenyewe, akampa karatasi. Aliipokea kwa mkono mmoja, simu ikiwa katika mwingine. Mwalimu akamwambia kwamba tajiri wa kule akiona hivyo, hatajali lugha yake nzuri. Usaili wenyewe ulikuwa umebakiza wiki moja.

Sikumcheka, ingawa Mungu anajua nilitaka. Nilimpeleka kwa mama yangu, cucu wake. Kiharusi kilikuwa kimemwacha na mkono wa kushoto usiojiweza. Wawira alipompa mkate tuliokuja nao, mama aliushika ule mkono kwa wa kulia, akauinua polepole kama mtoto aliyelala, akaulaza mapajani, kiganja juu. Ndipo akauweka wa kulia kando yake. "Haya, lete."

"Cucu, si ungechukua tu na huo mmoja?"

"Kwani mimi nimekuwa mwizi?"

Wiki nzima walipeana mkate ule, nenda rudi, mpaka ukakauka. Wawira akapita usaili.

Sasa ni mwaka wa pili yuko Korea. Anasema viwanda vyao ni vya ajabu, lakini mtaani kwake watoto ni wachache na wazee wengi wanaishi peke yao. Kuna bibi mmoja chini ya chumba chake anayeokota maboksi ya kuuza. Wawira humpelekea supu kwa mikono miwili, na bibi huipokea vivyo hivyo. Nilifurahi kusikia. Niliona na wivu pia, kwa sababu cucu wake mwenyewe yuko huku.

Mwezi uliopita alituma sweta. Mwendesha boda aliyeileta alinyoosha kifurushi kwa mkono mmoja, huku anaongea na simu. Mama alikuwa amekwisha kuulaza mkono wake mapajani, anangoja. Nilikichukua kile kifurushi, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono yangu yote miwili.

Enzi zetu tulipewa vitu vichache, lakini aliyekupa ulimwona uso. Siku hizi mtoto mwenye adabu yako yuko ng'ambo, na zawadi yake inaletwa na mtu asiyejua hata jina lako.

Mama aliipapasa sweta, akanitazama, mimi mwenye mvi na magoti yanayouma.

"Sasa umekua," akaniambia.

Nililia. Nilitamani Wawira awepo, aambiwe yeye.